Shamba Alilolifyeka Jedida Ng'ambo

Mimi si mtu wa kalamu. Mkono wangu umezoea mwiko na jembe, na herufi zangu hupinda njiani kama mtoto aliyetumwa dukani. Lakini kila Jumapili tukitoka kanisani navutwa leso: "Bibi, tuandikie ile ya Jedida alipokwenda Ulaya." Jedida mwenyewe yu hai, yuko Tezo, na mdomo anao. Mbona hamwendi kumwuliza? Najua mbona. Mlikwenda akawafukuza. Basi naandika, na atakayeona nimekosea akaandike yake.

Jedida ni mke wa Garama wa Tezo. Kwao hasa ni Sabaki, juu kidogo ya pale mto unapoingia baharini, na baba yake alikuwa mgema. Alikulia chini ya minazi akimpokelea baba vibuyu vya tembo vilivyokuwa vikiteremshwa kwa kamba, na kabla hajajua kusuka nywele alikuwa anajua kulisikiliza karara la mnazi lililokatwa: likidondosha vizuri, likidondosha vibaya, likikaribia kukauka. Baadaye alibatizwa na mnazi akauacha. Hata kuugusa hakuugusa tena. Lakini sikio halibatizwi, na lile la kusikiliza tone lilibaki naye.

Alipoolewa Tezo alilima mahindi na muhogo, akapata na mikorosho yake, na jua likimzidi shambani alikaa kibarazani akashona makuti. Miaka ile ya themanini na kitu Waitaliano walikuwa wanajenga hoteli Malindi kama watu waliofukuzwa kwao, na kila hoteli ilitaka paa la makuti, basi lori lilikuja mpaka mlangoni. Kwa njia hiyo hiyo binti yake, Easter, akapata kazi ya kufua mashuka kwenye hoteli moja. Na kwa kufua mashuka akampata Marino, fundi wa vigae, kijana mrefu mwenye magoti mabovu kwa ajili ya kazi yake.

Marino alikuja Tezo kama inavyotakiwa. Alikaa mkekani na magoti yake yale, akanywa alichopewa, akatoa alichoambiwa atoe, na Garama akaridhika. Siku ile Jedida alimtuma shemeji yake aseme jambo moja mbele ya watu wote: mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama yake binti. Popote watakapokuwa, Easter atarudi Tezo kuzaa. Marino akatikisa kichwa. Jedida anasema alitikisa kichwa kwa kuelewa. Mimi nilikuwapo. Alitikisa kichwa kwa sababu ya nzi.

Wakafunga ndoa Malindi, wakaenda kwao mume. Kwao si Italia, ingawa wote tulisema Italia. Ni nchi ndogo iliyokaa juu ya jabali, Italia imeizunguka pande zote, inaitwa San Marino. Huko kila ukoo una Marino wake, kama kwetu na kina Katana. Haukupita mwaka, simu ikaja hotelini: Easter ana mimba. Na Marino anamwalika mama mkwe aje atembee, tikiti atatuma yeye.

"Sendi kutembea," Jedida akamwambia Garama. "Naenda kumchukua mwanangu."

Akakitengeneza chumba cha nyuma, akapaka chokaa, fundi akaleta kitanda kipya cha kamba. Na akatangaza. Alitangaza kanisani, kisimani, na kwa wanawake wote wa makuti: mwezi wa tatu naondoka peke yangu, nikirudi tuko wawili na nusu. Wako waliocheka pembeni wakasema Ulaya haimrudishi mtu. Kicheko hicho alikisikia, akakiweka.

Koti alipewa na Mwaura, askari wa usiku wa pale hotelini, mtu wa bara.

"Mama Easter, beba hii koti yangu," Mwaura alimwambia. "Huko ni baridi kama ya Kinangop. Na leso hizo zako mtakufa zote."

Lilikuwa koti la askari hasa, zito, la vifungo vya shaba, linafika kwenye miguu. Ndilo aliloshuka nalo kwenye ndege, leso mbili chini yake na kilemba juu. Easter alipomwona alicheka mpaka akashika tumbo.

"Mama! Umekuja kutukamata?"

"Ndiyo," Jedida akasema, wala hakucheka.

Marino alikuwa nyuma ya Easter, ameinamisha kichwa. "Shikamoo mama."

"Marahaba," akamjibu, uso ameugeuzia upande wa pili, leso imefika puani.

Hapa nieleze, kwa kuwa ninyi wa siku hizi mnakula sahani moja na wakwe zenu. Kwetu, mama na mume wa bintiye hawatazamani usoni. Hawali pamoja. Na mama halali chini ya paa la mkwewe hata mvua ikinyesha mawe. Si chuki. Ni heshima, na ikivunjwa haiungwi. Sasa huko Marino alikuwa amemtengenezea mama mkwe chumba, ameweka chombo cha moto wa umeme na picha ya ndovu ukutani ili asione ugeni. Jedida akasimama mlangoni, akakitazama, akauliza: "Nyumba hii ya nani?"

"Ya Marino," Easter akasema polepole. Alikwishajua.

Nyuma ya nyumba ardhi inateremka, na chini kule palikuwa na kijumba cha mawe cha kuwekea majembe, mali ya mama yake Marino, alichoachiwa na marehemu mumewe pamoja na shamba lake. Jedida akakiona dirishani. Akaenda akalala kule, na koti la Mwaura.

Mama Marino alikuwa mwanamke mfupi, mnene, wa sauti kubwa, kitambaa kichwani sawasawa na sisi. Aliudhika sana. Easter alipomweleza habari za paa na wakwe, alisikiliza mikono kiunoni, kisha akasema neno, Easter akasita kulitafsiri.

"Sema," Jedida akamwambia.

"Anasema pale hata mbwa hawamlazi."

"Mwambie mimi si mbwa. Mimi ni mkwe."

Mama Marino akaondoka akibamiza milango. Lakini asubuhi yake aliteremka kule kijumbani na birika la kahawa na blanketi, akaviweka kizingitini bila salamu, akarudi zake. Na kila asubuhi akawa anafanya hivyo hivyo.

Neno lenyewe halikusemwa upesi. Jambo la kumchukua mtu kwa wakwe halisemwi jikoni. Jedida alitaka wazee wakae, na mzee wa Marino, mjomba wake, angekuja Jumapili. Kwa hiyo akangoja. Easter akiulizwa pembeni, "Utakuja nami?" alikuwa anajibu, "Tutaona, mama," na Jedida hakumsukuma. Aliyetakiwa kusukumwa alikuwa mjomba.

Katika kungoja huko Easter akamtembeza mji. Mji wote ni mawe, vijia vya kupanda na kushuka, ukuta wa zamani umeuzunguka, na juu ya jabali minara mitatu imesimama kwenye ncha tatu. Theluji ilikuwa imebaki vipande vipande kwenye kivuli, kama chokaa iliyomwagika. Upepo ulikuwa unapita ndani ya koti la askari kana kwamba halina vifungo.

"Ukuta huu walimjengea nani?" Jedida akauliza.

"Maadui, mama. Zamani."

"Walikuja?"

"Mara moja moja, nafikiri."

"Adui akipanda mpaka hapa amekwisha choka. Mngempa maji tu."

Walipofika mnarani Easter akamwonyesha nchi nzima. Ilikuwa inaonekana yote. Ng'ambo ile ni Italia, huku nako Italia, na mbali kule mstari wa bahari.

"Nchi ndiyo hii?" Jedida akasema. "Inaizidi nini kata ya Junju? Na chifu wao ni nani?"

"Wana wakuu wawili, mama. Wanatawala pamoja, na kila miezi sita wanabadilishwa. Mwezi ujao wanaingia wapya."

Katika yote aliyoyaona Ulaya, hili ndilo lililompendeza. "Hapo wamefanya vizuri," akasema. "Mtu hapati nafasi ya kuota kitambi."

"Mama, punguza sauti," Easter akasema, akageuka kutazama nyuma, ingawa pale mnarani palikuwa na watalii wawili tu na hakuna aliyejua Kiswahili.

Miti ilimsumbua. Njia nzima miti ilikuwa mitupu, hakuna jani. Easter akamweleza kwamba ni baridi, imelala, kama mibuyu ya kwetu inavyokaa uchi wakati wa kiangazi. Jedida akaelewa. Mbuyu anaujua. Lakini pale chini ya kijumba chake palikuwa na kitu kingine ambacho hakukiuliza, kwa kuwa hakukihesabu kuwa ni miti: vijiti vyeusi vilivyopindapinda, vya kiunoni, magamba yanabanduka, vimesimama mistari mistari na kufungwa kwenye waya. Aliona ua wa zamani uliooza. Au vijiti vya kunde vya mwaka juzi ambavyo hakuna aliyeving'oa. Akasema moyoni: mume amekufa, mtoto yuko kwenye vigae, mama mzima anahangaika peke yake, shamba limelala na takataka za mwaka juzi.

Na mwezi ulikuwa wa tatu. Ninyi mnajua mwezi wa tatu kwetu. Mvua za mwaka zi karibu, kila shamba linafyekwa, takataka zinakusanywa na kuchomwa, na kutoka Tezo mpaka Sabaki moshi umesimama. Mwanamke ambaye shamba lake halijafyekwa wakati huo hupita kisimani ameinama. Jedida amekaa kwenye kijumba cha watu, analetewa kahawa kama mzazi aliyejifungua jana, mikono miwili mizima juu ya mapaja. Hapiki kwa kuwa jiko ni la mkwe. Hafui kwa kuwa kuna mashine.

Asubuhi moja ya ukungu, kabla birika halijaja, alichukua mundu uliotundikwa mlangoni, wenye ncha iliyopinda kama mdomo wa kasuku, akayajaribu makali yake kwa kidole, akavua koti la Mwaura, akajifunga leso ya kazi, akaingia shambani.

Alifyeka kama anavyofyeka. Mnamjua. Alianzia juu akawa anashuka, kila kijiti kwenye shina, pigo moja, pengine mawili, anavuta kwenye waya, anatupa kwenye lundo. Ukungu ulikuwa mzito, hakuona mbali zaidi ya mkono wake, na kazi ikampasha moto, na kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye ndege akawa yuko sawa. Aliimaliza mistari miwili na kuingia wa tatu. Ndipo akasimama kupumua.

Akasikia tone.

Akafikiri ni ukungu unadondoka kwenye waya. Akasikia la pili, nyuma yake, na la tatu mbali kidogo. Aliijua ile nafasi iliyoko kati ya tone na tone. Hakuhitaji kugeuka, lakini akageuka, akainama kwenye shina alilolikata mwanzo. Maji meupe, safi, yalikuwa yanajaa kwenye kidonda, yanafanya shanga, yanaanguka, yanajaa tena. Na la pili vile vile. Mstari mzima ulikuwa unadondosha. Akaweka kidole, akaonja.

Kitu kilichokufa hakidondoshi. Binti wa mgema hahitaji kuambiwa hilo.

Alibaki amesimama na mundu. Ukungu ulikuwa bado upo, na hakuna aliyemwona. Angeweza kurudi kijumbani, akavaa koti, akaukuta ulimwengu unaulizana ni nani. Hapa ndipo watu hunyamaza nikisimulia, wakitaka nimsifu. Simsifu. Aliita tu, kwa sauti aliyokuwa akimwitia Garama ng'ambo ya shamba:

"Mama Marino! Njoo uone nilichokufanyia!"

Mama Marino akateremka na birika lake. Akaona lundo. Akaweka birika chini. Akapita mstari wa kwanza taratibu, anagusa kila kisiki kwa vidole viwili, akarudi na mstari wa pili. Kisha akafungua mdomo. Easter akaja mbio na tumbo lake, Marino nyuma ameshika buti moja mkononi, na wote wakamkuta Mama Marino anafoka, mikono juu, uso umeiva, na Jedida amesimama mbele yake wima.

"Mama, anasema..."

"Usitafsiri. Kuchambwa nakujua."

"Mama, hii ni mizabibu. Ndiyo inayotoa..."

"Nimejua ni nini. Iko hai."

"Aliipanda baba yake Marino, mwaka aliozaliwa Marino."

"Nimesema usitafsiri!"

"Sitafsiri, mama. Nakwambia mimi."

Hapo Jedida akaketi chini, kwenye tope, akavua kilemba. Mama Marino alipomwona hivyo akanyamaza katikati ya neno. Akamtazama. Kisha akaenda kijumbani akatoka na ndoo, akachota udongo wa mfinyanzi uliokuwa kando ya ukuta, akaukanda na maji, akamtupia Jedida donge mapajani. Akapiga magoti kwenye kisiki cha kwanza akakipaka. Jedida akapiga magoti kwenye cha pili. Wakapaka mpaka jua likatoka, na kahawa ikapoa pale pale ilipowekwa.

Jumapili mjomba alikuja, na shati lake la kola na tai. Wakakaa nje, kwa ajili ya Jedida, wenyeji mezani, na yeye kiti chake kimewekwa mbali kidogo, kimempa Marino mgongo. Easter akasimama kati. Wote walijua kuna neno lililoletwa kutoka Tezo, na Marino alikuwa anakunjakunja kitambaa cha meza.

Jedida akainuka.

"Nilikuja na neno," akasema. "Neno langu mwanenu alilisikia siku ya mkeka, na nilikuja kulidai. Lakini nimeingia kwenye shamba la mkwe wangu nimekata kitu kilicho hai bila kuuliza. Kwetu aliyemharibia mkwe hamdai. Mbuzi wa kulifuta kosa sina hapa, na hata ningekuwa naye, mimea ya marehemu haifutwi na mbuzi. Basi neno langu narudi nalo. Easter atazaa hapa."

Easter alilitafsiri kwa sauti ndogo, na mwisho sauti ikakwisha. Mjomba akatikisa kichwa, na pale hapakuwa na nzi. Mama Marino akauliza kitu, akauliza tena.

Jioni Easter alimfuata mama yake kijumbani, akakaa juu ya gunia.

"Mama, begi langu nilikwisha kulifunga."

Jedida alikuwa anakunja koti la Mwaura. "Lini?"

"Siku ile uliyoshuka. Nilikuwa nakwenda nawe. Nilitaka uwaambie wao kwanza, mimi nisionekane nawakimbia."

Jedida akakunja mkono wa koti, akakunjua, akakunja tena.

"Lifungue," akasema.

"Mama, wao hawajali mambo ya mbuzi! Mama Marino mwenyewe anasema mizabibu ni mizabibu tu!"

"Wao hawajali. Mimi ndiye niliyesema."

Akarudi Tezo peke yake. Mvua za mwaka zilikuwa zimekwisha anza na shamba lake halikufyekwa, kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Kisimani wakamwuliza: "Wawili na nusu wako wapi?" Akawajibu: "Wako kwao." Chumba cha nyuma akakifunga. Wale waliocheka walicheka tena, na safari hii hawakukaa pembeni. Hakumweleza mtu habari ya mizabibu. Garama alikaa miezi akidhani ni Marino aliyekataa, na alikuwa tayari kumlaani, mpaka Jedida akachoka kumsikia akamwambia.

Mvua ilipokolea, Mwaura akaja Tezo na baiskeli, ameloa chapachapa, anapiga kengele kutoka barabarani.

"Mama Easter! Simu ilikuja! Amezaa msichana! Wako wazima wote wawili!"

Jedida alikuwa kibarazani anashona kuti. Akashona mpaka mwisho wa kijiti, akakata uzi. "Mungu ashukuriwe," akasema. "Wamempa jina la yule bibi yake."

Kwa maana desturi ni hiyo: mtoto wa kwanza hupewa jina la upande wa baba, na Jedida alikuwa hangoji lingine.

"Hapana!" Mwaura akasema, anacheka meno yote. "Wamemwita Jedida! Yule mama mzee ndiye amesema, aitwe Jedida!"

Jedida akaweka kuti chini.

"Nani aliwaruhusu?"

Mwaura kicheko kikamkauka. "Si ni heshima, mama?"

"Heshima huombwa. Mtu mzima yu hai, ana miguu, ana jina lake amelibeba miaka yote, wanalichukua kama yai la kuku wa jirani? Hawakuuliza?"

"Mimi sijui, mama. Mimi ni askari tu."

Akageuza uso. Mwaura anasema alifikiri analia, akachungulia, akaona uso umebadilika, lakini si kwa machozi. Jedida akasimama, akachukua leso nzuri, akasema: "Nipakie. Nipeleke kwenye simu."

Hotelini akapigiwa, akashikishwa ile simu kwa mikono miwili. Aliyepokea upande ule alikuwa Marino.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu." Simu haina uso, kwa hiyo alisema naye waziwazi, na ilikuwa mara ya kwanza. "Sikiliza, na mama yako umwambie. Mimi nilikata mizabibu yenu sikuuliza. Ninyi mmechukua jina langu hamkuuliza. Hatudaiani. Sasa lile neno langu nililorudi nalo, nalisema: mlete Easter na mtoto kwetu. Uzazi umepita, lakini kitanda kipo."

Akasikia Marino anamweleza mama yake, na sauti ya yule mama ikalipuka kule nyuma, kubwa vile vile, na Jedida akaiweka simu mbali kidogo na sikio. Hakuomba tafsiri.

Walikuja korosho zilipoiva. Chumba cha nyuma kikafunguliwa, Easter na mtoto wakalala kwenye kitanda kile, Marino akalala kwa yule shemeji wa Jedida, na Jedida mdogo akaogeshwa kwenye karai kibarazani mbele ya kila aliyewahi kucheka. Easter akasema ile mizabibu ilichipua kutoka kwenye visiki, urefu wa mkono.

"Yote?" Jedida akauliza.

"Isipokuwa mmoja, ule wa pembeni kabisa."

"Ule ulikuwa umekufa kabla sijaufikia," akasema, na mpaka leo hasemi vingine.

Haya, mmepata mlichotaka, na macho yangu yamevimba kwa kuandika. Sasa ni zamu yenu. Jedida goti limemkataa, na mwezi wa tatu huo unaingia. Wewe uliyesoma mpaka hapa umekaa raha mustarehe, chukua panga lako uje Tezo umfyekee lile shamba, lote, kabla ya mvua. Na ukifika usiguse kitu mpaka umeuliza. Atakuwa kibarazani anakutazama.